Chale za Mlango wa Bibi

Jamani, leo fundi kanifanyia usafi ambao sikumwomba.

Nyumba ya marehemu bibi yetu kule Mbekenyera tunaikarabati. Choo tumekiingiza ndani, maji yanafika jikoni, sakafu yote vigae. Raha sikatai.

Ila fremu ya mlango wa mbele, ya mninga, nilitaka ibaki vilevile. Kila tukimaliza kuokota korosho, bibi alitusimamisha pale wajukuu wote, akakata alama kwa kisu usawa wa utosi wa kila mmoja. Mwenyewe aliziita chale.

Basi jana, nikiwa Nachingwea, nikampigia fundi simu: "Fundi, zile chale za mlangoni usiziguse."

Nilijiponza mwenyewe.

Leo nafika, fremu inang'aa kama imetoka dukani! Chini maranda tele. Fundi kakenua meno.

"Dada, uliposema chale zisiguswe, nikajua hapa pana uganga. Nimesoma dua, nikazipiga randa zote. Sasa utalala kwa amani."

UGANGA? Vile ni vimo vya watoto, baba!

Nimefoka mpaka majirani wakatoka. Yeye ananuna, eti sina shukrani. Hebu niambieni, mngekuwa nyie mngemfanya nini?

Halafu akaongeza: "Ile ya chini kabisa ilinitoa jasho, dada. Ilizama sana."

Ile ni ya mdogo wangu Saidi. Tulimzika kabla hajakatiwa ya pili. Bibi aliirudia kwa kisu kila msimu, isifutike.