Kengele ya Perle

Fulgence Auvray alikuwa fundi wa kuezeka mapaa ya matete huko Marais-Vernier, kwenye vinamasi vya Ufaransa. Maneno machache, kiburi sikwambii. Mbwa wake, Perle, alikuwa mbwa wa kuwinda wa aina ya Pont-Audemer, wa kahawia na kijivu, mwenye kishungi cha nywele za kujisokota utosini. Mbwa wa aina hiyo wanaozaliwa Ufaransa nzima kwa mwaka hawajazi lori la ng'ombe. Fulgence alimngoja miaka mitatu, na kumpandisha tu alisafiri naye kwa treni siku nzima mpaka kwa dume asiye ndugu yake. Tena mfugaji aliyempa alimwapisha: amwindishe, maana asipowinda mbwa huyu hunyong'onyea. Kila jioni mzee alimchambua miiba masikioni, mmoja mmoja, naye mkewe Solange akimtania, "Nywele zangu hujazigusa tangu harusi."

Vichakani mbwa haonekani, kwa hiyo huvalishwa kengele. Ikilia, anatafuta. Ikinyamaza, amesimama mbele ya ndege aliyejificha, na hasogei mpaka bwana wake afike.

Novemba moja, mchana, Fulgence alirudi peke yake, mvua inamchuruzika.

"Perle yuko wapi?" Solange akauliza.

"Nini?"

"Mbwa! Yuko wapi?"

"Katoroka. Nimempigia mluzi mpaka midomo imekauka."

"Perle atoroke? Na kengele je?"

Mzee akatazama buti zake. "Kengele siisikii tangu mwaka juzi."

Mtu mzima na mvi zake, alikuwa amemficha hata mkewe.

Wakamkuta saa tisa katikati ya miiba, mguu mmoja kaukunja, pua mbele, anatetemeka mwili mzima. Tangu asubuhi alikuwa amesimama hapo. Ndege naye alikuwapo bado, akaruka mzee alipokanyaga majani. Fulgence akapiga magoti topeni, akalia bila kujificha.

"Ananiita, Solange. Ananiita, na mimi naenda zangu nyumbani."

Jirani yao Lemarié, mwindaji mwenzake, alisikia habari. "Nipe mimi, mzee. Masikio ninayo. Ukimfungia ndani utamuua." Fulgence alijua ni kweli, na ilimuuma. Akakubali amchukue Jumapili.

Jumapili Lemarié alikuja na kamba. Akamkuta Solange mlangoni, kavaa buti za mumewe, yeye aliyelalamikia matope na manyoya kwa miaka arobaini.

"Rudi na kamba yako, Lemarié. Nyumba hii bado ina masikio mawili mazima."

"Wewe? Uwindaji unaujulia wapi, mama?"

"Kengele ikinyamaza nitajua. Imenipigia kelele vya kutosha."

Bunduki waliiacha ukutani. Wakaingia vichakani wameshikana mikono, Perle ametangulia, Fulgence amemkodolea mkewe macho usoni. Walikwenda hivyo kitambo. Mara Solange akasimama, akamfinya kiganja na kumwonyesha kushoto.

Mzee akakimbia, na magoti yake mabovu hivyo hivyo, asimchelewee tena.