Vijidudu vya Mama Chupa

Kwa miaka sita alikuwa akiosha vyombo vya maabara, na wenzake walimjua kwa jina moja tu: Mama Chupa. Chupa zikishatoka kwenye mashine ya mvuke, ambamo hakuna kijidudu kinachosalimika, yeye ndiye aliyezisugua, akazisuuza mara tatu na kuzipanga rafuni midomo chini. Ukitaka kumsemesha ulipita upande wa kulia. Sikio la kushoto halikusikia kitu, na akiulizwa alijibu kwa mkato, "Lilistaafu mapema."

Hakumwambia mtu kuwa sikio hilo liliuawa na sindano. Aliwahi kuugua kifua kikuu sugu, kile kisichosikia dawa za kawaida, akachomwa sindano kila siku kwa miezi minane mpaka akapona. Lakini alikwishaona jinsi watu walivyomtengea sahani na kikombe chake, basi akaamua siri hiyo ataibana.

Mkuu wa maabara alikuwa daktari mtafiti aliyekuwa akisaka dawa mpya za ugonjwa huohuo, mtu wa maneno machache, anayeweza kusahau hata kula. Asubuhi moja akamwita. Karani alikuwa likizo, na madaftari ya zamani ya sampuli za wagonjwa yalitakiwa kuingizwa kwenye kompyuta.

"Mama Chupa, wewe nisomee, mimi niandike."

Akasoma. Namba, tarehe, jinsia, umri. Ukurasa wa tatu, kwenye mstari uliozungushiwa wino mwekundu, akakoma.

"Mia nne kumi na saba," daktari akamsaidia, macho kwenye kompyuta. "Huyo tunamfahamu. Vijidudu vyake ni vikorofi kupita vyote. Kila dawa mpya naanza kuijaribu kwa vijidudu hivyo."

Kliniki, enzi za ugonjwa wake, hawakuwa wakimwita Mama Chupa kwa jina. Kwa karibu miaka miwili muuguzi alichungulia dirishani akaita namba hiyo, naye akainuka. Tarehe ilikuwa ya wiki aliyoanza kutema damu. Mwanamke, miaka thelathini na mmoja.

Daftari likamponyoka.

"Daktari, hivyo vijidudu vimekufa?"

"Vife vipi? Viko kwenye friza, vimeganda tu. Tukivitaka tunavipasha joto, vinaamka, vinazaana."

"Ni vyangu."

Daktari akacheka, akidhani ni utani. Alipogeuka na kumwona hacheki, akaacha kucheka.

"Vilimuua mdogo wangu," mama akasema. "Ndiye aliyeniuguza. Aliambukizwa, akafa hata dawa hajaanza. Na nyinyi mnavilea? Mnavilisha?"

"Tunavilisha," daktari akakiri.

Mama akavua aproni, akaondoka bila kuaga. Siku mbili hakuonekana kazini. Siku ya tatu daktari mwenyewe akaenda nyumbani kwa mama. Binti wa mama akamfungulia, akamkaribisha kiti kushoto kwa mama. Daktari akaongea kwa muda mrefu, kajiinamia.

"Umezungumza na ukuta," mama akamwambia alipomaliza. "Hamia upande huu."

Akahamia, akaanza upya. "Ulipotoa yale makohozi ya TB, hakuna aliyekuuliza kama tunaweza kuyahifadhi. Nakuuliza leo. Ukisema nivichome moto, navichoma."

"Makohozi gani?" binti akadakia. "Mama, kumbe ulikuwa na TB? Ndiyo iliyomuua mama mdogo?"

Mama akamwashiria akae.

"Ukivichoma, dawa utaijaribu kwa vijidudu gani?" mama akauliza.

"Nitatafuta vingine. Vikali kama hivi sijawahi kuviona."

"Basi viache. Ila nataka kuviona vikifa."

Ilichukua miezi minne. Mama alisimama nje ya dirisha la kioo la chumba cha ndani, ambako hakuruhusiwa kuingia. Daktari, kafunikwa barakoa na vazi la kazi, akainua mirija miwili. Mmoja, usiotiwa dawa, ulikuwa na ukungu mzito wa vijidudu vilivyozaana. Wa pili, wenye dawa, ulikuwa mwangavu kama maji ya kunywa.

Alikwishaelezwa kuwa huo ni mwanzo tu, kwamba bado kuna majaribio kwa wanyama, kisha kwa watu, na miaka mingi, na dawa nyingi hufia njiani. Yote aliyajua. Hata hivyo akasogea, akaegemea kioo. Daktari akauliza kwa ishara ya mkono, airudishe mirija? Mama akatikisa kichwa kukataa. Alikuwa bado anaangalia.