Makofi ya Maposeni

Siku niliyoripoti kazini Songea, Afisa Kilimo wa Wilaya alinikabidhi baiskeli na begi, akasema, "Bibi shamba, kazi yako ni kusema. Wakulima kazi yao ni kusikia." Nikaitikia, "Sawa, mzee." Nilikuwa mgeni kutoka Tanga, mdomo wangu hauna breki, nikaona kazi hiyo nimeumbiwa mimi.

Nikapangiwa kijiji cha Maposeni. Miaka hiyo soko lilikuwa limefunguliwa. Mahindi hayakusubiri tena ushirika; malori ya watu binafsi yaliingia hadi uani yakanunua papo hapo. Wakati huohuo akaingia dumuzi, mdudu mdogo anayetoboa hindi hadi libaki vumbi. Dawa yake, niliyopewa na wilaya niigawe, ni ya unga, na haifanyi kazi vizuri kwenye magunzi. Upukuchue kwanza, uchanganye na punje, ndipo uhifadhi.

Nilifundisha hayo mkutanoni kwa picha, kwa wimbo, hata kwa hindi lililotobolewa. Watu wakapiga makofi: "Tumekuelewa, bibi shamba!" Nikapanda baiskeli yangu, mbio. Niliporudi, mahindi yalikuwa darini kwenye magunzi yake vilevile, na dumuzi anajilia kwa raha zake. Nikarudia somo. Makofi tena! Jamani, nilikasirika hadi nikakosa usingizi.

Afisa akaja na gari, akachungulia madari, akafoka mbele ya watu. "Hawa wabishi! Nakupa msimu huu tu. Wasipobadilika, dawa yote naihamishia Lusewa." Akaondoka. Nilijua dawa ikienda, kuna nyumba zitakazolala njaa kabla ya mahindi mabichi. Nikaapa haiendi.

Siku hiyo baiskeli ilikuwa na pancha, nikaondoka nikiikokota. Mama Agnesi, aliyekuwa akiketi mbele kwenye kila mkutano wangu, akanisindikiza. Pale kijijini mgeni haachwi aende peke yake, na neno zito halisemwi mbele ya kadamnasi, linasubiri njiani. Mimi na baiskeli yangu tulikuwa tunalikimbia kila mara. Tulipofika kijitoni akasimama.

"Dada, mahindi ya magunzi hayana mnunuzi. Nikipukuchua, yanaingia gunia. Gunia likisimama ukutani, Baba Agnesi analiona, na mwenye lori analiona. Mimi nabaki na watoto na ungo mtupu."

"Mbona hukusema mkutanoni?"

"Mbele ya mume wangu? Mbele ya bosi wako? Nimvue nguo baba wa watu?"

Nilitaka kucheka, nikataka kulia. "Sasa tufanyeje, mama?"

"Tujenge kihenge cha udongo. Tupukuchue, tutie dawa, tuzibe mdomo wake kwa udongo. Kikibomolewa, kila mtu ataona. Ila kwa Baba Agnesi uanze wewe."

Kesho yake nikaenda kumsalimu Baba Agnesi, nikahakikisha ananisindikiza. Njiani nikamwambia habari ya kihenge. Akanuna.

"Kwa hiyo mke wangu amenisema?"

"Nakuuliza mimi, baba. Lori likishaondoka, watoto watakula nini?"

Akashika baiskeli, akanisukumia kilima kizima. Juu kabisa akasema, "Kiwe kikubwa. Na gunia langu la kuuza likae pembeni, nilione." Nilikubali palepale. Hivyo ndivyo nilivyokwenda nyumba kwa nyumba, msimu mzima, kwa miguu, hadi soli zikaisha.

Afisa aliporudi alikuta vihenge vimezibwa, akagonga kimoja kwa fimbo. "Umewaambia nini hawa?"

"Safari hii walioniambia ni wao, mzee. Nimekubali kusindikizwa tu."

Akanitazama, akageuka kumtazama mwenyekiti wa kijiji aliyekuwa akisubiri kwa adabu kumsindikiza. Kisha akamwambia dereva atangulie na gari. Dawa ikabaki Maposeni.

Leo nimestaafu, naishi Mfaranyaki, hapa Songea mjini. Mabwana shamba vijana hunijia, "Shikamoo bibi," wananionyesha simu: wamewatumia wakulima ujumbe, wakulima wamejibu "sawa". Nawaambia hayo ni makofi. Wananicheka, wanaaga, bodaboda inanguruma nje.

Hapo ndipo ninapovaa kandambili zangu. "Mwambieni huyo wa bodaboda atangulie," nasema. "Nawasindikiza."