Ukuta Tuliouanzisha kwa Sifuri

Siku yangu ya kwanza kazini, mkuu wa topografia, idara ya upimaji, alinipa daftari la jalada gumu na kunionyesha ukuta wa mashariki wa shimo la shaba, nje kidogo ya Kolwezi. Ulikuwa na vioo vidogo vilivyopachikwa mwambani. Kila asubuhi tulivipima kutoka ng'ambo ya shimo, tujue vimesogea milimita ngapi.

"Mama Odette, usiandike ile unawaza," aliniambia. "Andika ile mashini inasema."

Baadaye nilipelekwa mgodi wa Tenke. Niliporudi nilimkuta mhandisi wa miamba akipambana na kelele. Ndivyo tulivyoita kuyumba kwa namba kunakoletwa na baruti, malori na joto: leo kioo kimesonga, kesho kimerudi. Hesabu ya kawaida ya mwendo hutazama hatua ya mwisho tu, kwa hiyo kelele iliivuruga kila siku. Yeye alitumia kalkulasi ya oda za sehemu, hesabu ya mabadiliko ambayo daraja lake, yaani oda, si lazima liwe namba kamili. Mwendo hupimwa kwa oda ya kwanza. Yeye alichukua oda iliyo chini yake, tuseme nusu. Hapo siku zote zilizopita huingia katika jibu, za karibuni kwa uzito mkubwa, za zamani kwa uzito mdogo, lakini hakuna inayofutwa. Mwamba nao huchoka kwa yote uliyoyabeba.

Chini ya ukuta huo alichimba Tata Kasongo, dereva wa mashine kubwa. Kila asubuhi aliniuliza habari za ukuta.

"Iko natembea kidogo," nilimjibu siku moja.

"Itembee tu. Yee haina na miguu, mi niko na mashini."

Mhandisi akahamishwa, akaja mwingine. Kwetu kulikuwa na desturi: mkuu mpya, daftari jipya. Hakutaka kuwajibika kwa kazi ya waliomtangulia, akaagiza vioo vyote vihesabiwe kutoka sifuri.

"Shefu, ile hesabu inakula namba za zamani," nilimwambia. "Ukikata, itafikiri ukuta imezaliwa leo."

"Mama, mi sikukuwa hapa mu ile miaka. Andika zero."

Niliandika. Daftari la zamani nililifungia kabatini. Ningeweza kuendelea na hesabu ile peke yangu, sikufanya hivyo. Grafu mpya ikalala chini kabisa ya mstari wa hatari.

"Shefu anasema iko muzuri," nilimwambia Kasongo.

"Na weye, Mama?"

"Mashini inasema iko muzuri."

Akapanda mashine yake. Mvua zilipokolea, ukuta ulishuka asubuhi moja kazi ikiendelea. Tulimtoa Kasongo chini ya kifusi siku ya tatu.

Baada ya maziko niliunganisha madaftari mawili na kuhesabu upya. Mstari wa hatari ulikuwa umevukwa kabla mvua hazijaanza.

Siku ya kustaafu nilimkabidhi madaftari binti aliyechukua nafasi yangu, la zamani likiwa juu.

"Mama, hii ya zamani niitupe mu kabati?"

"Hapana. Ni hapo unaanza."

Alifungua lile jipya, ukurasa wa kwanza. Kando ya sifuri nilikuwa nimeandika jina la Kasongo.