Nguzo Kwanza, Safari Baadaye

Nilipokuwa sekondari Lubumbashi, padri Mbelgiji aliyetufundisha historia alitundika ukutani picha ya kaburi la Halikarnaso, mji wa pwani ambako leo ni Uturuki. Mfalme mmoja wa kale, tena si mkubwa sana, alijengewa kaburi lenye nguzo pande zote, juu ya nguzo paa la ngazi, na juu ya paa gari la farasi wanne. Jina lake hadi leo ndilo Wazungu huitia makaburi makubwa. Mimi, mzee mstaafu wa ghorofa ya tatu, Berchem-Sainte-Agathe, niliona huo ni mfano mzuri wa kuiga.

Wenzangu hapa Brussels hujenga nyumba kwao. Mimi nyumba ilinishinda. Ndugu waligombania vyumba kabla ya kuta kusimama. Nikaona bora nijenge kaburi langu na la mke wangu. Mpwa wangu aliyebaki Lubumbashi alizungusha simu ya video makaburini, nami nikasimamia kazi kutoka jikoni kwangu.

"Tonton, fundi anasema farasi ine hataweza. Hajaona farasi hata siku moja. Anaweza kufanya simba."

"Simba hukaa pembeni mwa paa! Juu kabisa ni farasi!"

"Bon. Donc afanye punda?"

Mke wangu alikuwa akichambua sombe, majani ya muhogo. "Papa, mke wa huyo mfalme alifanya nini?"

Nikamweleza kwa fahari. Alimlilia mumewe hadi, wanasema, akachanganya majivu yake na kinywaji akanywa. Naye alikufa kabla ya kazi kwisha, mafundi wakaimaliza kwa ajili ya sifa zao.

"Alors, mimi ya kwako sitakunywa. Niko na sukari." Kisha akaacha kucheka, akamtaja dada yake mkubwa aliyebaki Lubumbashi. "Yaya yangu amezeeka. Nipeleke nimuone."

"Nguzo kwanza, maman. Paa likiisha, tunakwenda wote."

Paa likaisha, nikataka marmara. Marmara ikaisha, nikataka uzio wa chuma. Nauli yake niliigeuza saruji, na kila mara nilimwambia ni kwa heshima yake. Mwisho wa ile historia sikumsimulia, ingawa niliujua: matetemeko yaliangusha lile kaburi, na askari wa msalaba wakachukua mawe wakajengea ngome, marmara nyingine wakaichoma kupata chokaa. Nilijiambia kwamba mfalme yule hakuwa na mpwa mwaminifu.

Dada yake alikufa wakati wa mvua kubwa. Mpwa akapiga simu.

"Tonton, kila shimo tunachimba linajaa maji. Famille inauliza... ile yako iko tayari."

Nikaanza kumweleza kwamba farasi bado. Mke wangu akaninyang'anya simu.

"Mumulaze mule. Katikati."

Siku ya maziko nilimshikia simu, yeye ameketi kitandani na kitenge kichwani. Picha ikakatika. Nikakimbilia dirishani, nikainua mkono juu kama mwendawazimu, nikitafuta mtandao. Iliporudi, nguzo zilionekana vizuri sana, zote.

"Hapana, toa hizo," mke wangu alisema. "Nionyeshe uso wa yaya."

Mpwa akaishusha simu kwenye saruji mbichi ya kaburi.

"Tantine, wameshafunga."