Kiolezo cha Matundu Mawili

Miaka ile ya ujamaa nilikuwa na karakana ndogo ya makabati mjini Tarime, na nilikuwa na wivu. Si wivu wa mke. Nilimwonea wivu kaka yake, shemeji yangu, ambaye ndiye aliyekuwa fundi hasa. Mimi nilikuwa na shahada, na kazi ya kushikilia ubao usitikisike.

Tulikuwa tumepata kazi ya makabati ya duka la kijiji huko Nyansurura. Walitaka rafu za kuhamishika, maana hawakujua kama kitakachokuja ni sabuni au mabeseni, kama kingekuja chochote. Rafu ya namna hiyo hukalia vigingi, na vigingi hukaa kwenye matundu. Tundu la kushoto likipanda kidogo kuliko la kulia, sabuni inateleza. Ndiyo maana fundi huhitaji kiolezo: kipande chenye matundu yaliyopimwa tayari, anachokibana juu ya ubao na kupitisha keekee humo kutobolea.

Sisi hatukuwa nacho. Aliyekuwa nacho ni mzee mmoja wa Turwa, fundi aliyehamia zamani kutoka pwani. Chake kilikuwa cha chuma, kirefu kama mkono, kimevushwa kutoka ng'ambo ya mpaka wa Sirari. Hakuruhusu kitoke nje, kwa hiyo shemeji alibeba mbao zetu akaenda kutoboa huko huko. Aliondoka asubuhi, akarudi jioni.

"Matundu gani hayo ya kutwa nzima?" nilimwuliza.

"Tulikunywa chai, shemeji. Yule mzee anajua kuongea."

Kuongea! Mimi niliyesomea kuongea hadi chuo kikuu nilikuwa sijui. Tangu hapo kila kitu kikawa mzee kasema, mzee kacheka, mzee ana gundi nzuri. Nikaona wazi kwamba shemeji atahamia Turwa, nami nitabaki na shahada na keekee, vitu visivyojuana.

Basi nikaketi kuchagua kiolezo. Cha chuma kama cha mzee, mtu wa Sirari alitaka tubadilishane na randa yetu, na karakana isiyo na randa haina haja ya matundu. Ubao mtupu wa mninga ulikuwa rahisi, ila keekee hula kingo, na baada ya makabati machache tundu linalegea. Nikachagua njia ya tatu: kipande kifupi cha mninga chenye matundu mawili tu, yaliyovishwa bomba la chuma. Unatoboa tundu la kwanza, unachomeka kigingi humo kukishika kiolezo, unatoboa la pili, kisha unasogeza kiolezo na kigingi hadi tundu hilo jipya. Ukianzia chini pande zote mbili, matundu yanalingana na rafu inalala sawa.

Bomba jembamba kiasi hicho halikuwepo dukani. Lilikuwepo kwenye antena ya redio yangu. Nikaikata.

"Huyo mzee amekukosea nini?" mke wangu aliuliza.

"Nani kamtaja mzee?"

Kiolezo kikafanya kazi. Kabati la kwanza likasimama, rafu zimetulia kama maji mtungini. Shemeji akashinda kwetu, akanywa chai yetu isiyo na sukari, nami nikajiona bwana harusi. Kisha alasiri moja hakuonekana.

"Ametengeneza kingine kwa bomba lililobaki," mke wangu alisema bila kuniangalia. "Kampelekea mzee. Kile cha chuma ni kizito, kinamwumiza mgongo."

Antena yangu! Nilikwenda Turwa kukidai. Niliwakuta wameketi barazani, kiolezo changu kikiwa juu ya paja la mzee.

"Shikamoo," nilisema, kwa sababu hata mwenye wivu ana wazazi.

"Marahaba, msomi. Kitu chako kizuri mno hiki. Kaa usikilize taarifa ya habari, nasikia redio yako imekatwa pembe."

Shemeji alicheka hadi akamwaga chai. Nikakaa. Chai ilikuwa na sukari, ambayo mjini kote ilikuwa haipatikani, na hilo nalo liliniuma.

"Huyu nimembembeleza sana ahamie kwangu," mzee alisema, akimwonyesha shemeji kwa kidevu. "Anakataa."

Moyo ulinipasuka kwa furaha, lakini nikajikaza. "Anasemaje?"

"Anasema akikuacha wewe na keekee, dada yake atakula nini?"

Nikanyoosha kikombe aniongezee.