Wembe wa Taa

Wateja wangu wananipa pole. Wanaingia saluni, wanaona kichwa changu kimenyolewa hadi ngozi inang'aa, halafu wanashusha sauti: "Pole, dada. Nani amefariki?" Mwanzoni nilikuwa nawajibu kwamba hajafa mtu. Hawakuniamini, na siwalaumu. Mwanamke mwenye saluni nzuri kuliko zote hapa mtaani kwetu Kinondoni, aliyekuwa na nywele za kumfika mabegani, zake mwenyewe, hanyoi kipara kwa kupenda.

Nywele zile ndizo zilizokuwa tangazo la biashara yangu. Sikuhitaji bango. Nilikwenda Muscat kufua nguo za watu, nikasoma jioni wakati wenzangu wamelala, nikarudi na stashahada ya urembo, viti vya ngozi na vioo vya ukuta mzima. Sikuchangiwa na mume wala mjomba. Mtu akitaka kujua kama naijua kazi yangu, nilikuwa nageuka tu aone mgongoni.

Sasa nywele zimefagiliwa Kiwalani, uani kwa bibi yangu, na ili uelewe zilifikaje chini inabidi turudi nyuma kidogo.

Mwenzangu uliyekulia uswahilini unaikumbuka Jumapili ya jioni. Pasi ya mkaa inavuta moshi, sare za shule zimeanikwa juu ya mlango, na mtu anatafuta soksi ya pili asiyoiona. Kwetu kulikuwa na harufu nyingine juu ya hizo, harufu ya maganda ya korosho yanayoungua. Bibi alitoka Lindi, na ndugu zake hawakuacha kumletea gunia kila msimu. Alizikaanga uani kwenye bati lililotobolewa, akazibangua, akaweka kwenye ungo. Kisha akavuta kigoda, akajifunga kanga kiunoni, akaweka beseni la maji na sabuni ya kipande, na watoto wa mtaa mzima wakajipanga kuanzia bombani hadi mlango wa choo. Kesho ni mstarini, na mwalimu wa zamu hakuwa na masihara na nywele.

Siku hizo, kwa sababu ya ukimwi, redio ilikuwa imeshatangaza kwamba kila mtu anyolewe kwa wembe wake. Bibi alilishika tangazo hilo kama amri ya nyumbani kwake. Kila mtoto alikuja na wembe wake mkononi, ndani ya karatasi yake, na kabla hajaguswa kichwa, wembe ulipimwa mbele ya watu.

Alikuwa anaushika ncha moja kwa vidole viwili, anaupeleka sikioni, anaudonoa ncha ya pili kwa ukucha. Ukilia na sauti ikakaa, uso wake unalegea. Ukisema "tek" na kunyamaza, anausogeza mbali kama samaki aliyelala. Halafu anauchovya majini aone mafuta yake, anaupitisha kwenye vinyweleo vya mkono wake mwenyewe vyenye povu, na hukumu inatoka.

"Huu kanunua baba yako au kaokota?"

"Kanunua, bibi."

"Mwambie arudishe. Huu wa kukatia bata kucha."

Foleni nzima inacheka, na mwenye wembe anatamani ardhi immeze. Hatukujua nyembe kwa majina yake, tulizijua kwa picha. Wa farasi ulikuwa mkali kwa pupa, unachukua nywele na ngozi pamoja, halafu Jumapili ya pili umeshachoka. Wa nyota ulikuwa mpole, hauumi, lakini nywele nazo haziondoki, mtoto anarudi nyumbani ana mabaka kama ramani. Wembe wenyewe ulikuwa wa taa. Karatasi yake ya buluu ilikuwa na picha ya taa ya chemli, na bibi alisema huo unakuonya kabla ya kukata. Mie nililelewa na yeye, kwa hiyo sikuwahi kushika foleni na wembe mwingine zaidi ya wa taa. Niliringa nao kama wengine walivyoringa na viatu. Nimeanza kuringa zamani.

Tulikuwa tunaununua duka la kona, kwa mzee wa Kiarabu ambaye mtaa mzima ulimwita Ami. Bibi hakumwachia achague.

"Ami, usinipe wa juu. Wa juu umepigwa jua. Nipe wa katikati ya paketi."

"Bi mkubwa, wembe si papai."

"Papai bovu unalitupa. Wembe mbovu unakata mtoto wa mtu."

Ami anafungua paketi nyingine, anaguna, na wote wawili wanaonekana wamefurahi.

Kiwalani, jirani na uwanja wa ndege, ndege zinashuka juu ya mabati. Ukikaa huko unazoea, lakini mtoto hazoei, akisikia ndege lazima ainue kichwa. Bibi alijua hilo. Aliisikia kabla yetu, sijui kwa vipi, na sisi tunapoanza kuangalia juu mkono wake ulikuwa umeshatoka kichwani na umesimama hewani, wembe unameta. Ndege ikipita, mkono unarudi palepale ulipoishia. Katika vichwa vyote vile sikumbuki damu.

Ukimaliza kunyolewa anakufuta na pindo la kanga, anakupa gao la korosho, kiganja kizima, anasema, "Mwingine." Wewe unakimbia na vikono juu ya kichwa, maana wenzako wanakungoja kukizindua kwa makofi na kukuimbia kipara ngoto.

Mwisho kabisa, mtoto wa mwisho akishapewa korosho zake, bibi alijinyoa mwenyewe. Bila kioo. Mkono wa kushoto unatangulia kupapasa, wa kulia unafuata na wembe, macho ameyafumba. Siku moja nilimuuliza kwa nini asianze yeye, wakati wembe wake ni mpya na maji bado safi. Akasema, "Watoto kwanza. Mie sina mwalimu wa zamu." Sijawahi kuona mtu mwingine akigusa kichwa cha bibi. Hata mama mdogo, binti yake wa kumzaa, hakuwahi.

Niliondoka Kiwalani kwa ndege mojawapo ya zile. Niliporudi, bibi alikuwa ameanza kusahau. Alianza na majina, akaenda kwenye nyumba, na mwaka huu akasahau kujinyoa. Nywele zikaota, zikajisokota, na chini yake vikatoka vidonda. Nesi wa zahanati alinieleza akiwa mlangoni, begi lake begani: "Dawa ninayompa inaishia kwenye nywele. Hanyolewi, haponi. Na kwa umri wake, uchafu ukiingia kwenye damu sina la kukufanyia."

Kichwa kimoja tu. Mie ambaye mabibi harusi wananisubiri kuanzia alfajiri nilishindwa na kichwa kimoja.

Nilikwenda na mashine yangu bora kuliko zote. Nilipoiwasha, bibi aliangalia juu kutafuta ndege, na alipoona haipiti akaanza kulia. Nikaenda akiwa amelala, akaamka kwa kuguswa tu. Siku moja mimi, mama mdogo na nesi tulimshika. Alilia kilio cha mtoto anayeonewa, ngozi ya mkono ikachanika mikononi mwetu, na nesi mwenyewe akasema tumwache.

Ndipo nikawaza mikono yake. Bibi amesahau karibu kila kitu, lakini viazi anamenya, tena ganda linatoka jembamba. Nikasema nikimpa wembe anaoujua, labda mikono itakumbuka yenyewe.

Kwa wembe siongopewi. Nautumia kila siku kwenye nyusi na kwenye kingo za nywele. Nilichagua nyembe za maana kutoka stoo yangu, nyembamba, zilizopakwa madini ya kuzifanya ziteleze, na nitasema ukweli wa kitaaluma, nyembe za leo ni bora kuliko zile za utotoni kwetu. Hazishiki kutu, hazikwaruzi. Nilimwekea bibi kwenye sinia. Akachukua wa kwanza, akaupeleka sikioni, akaudonoa. Akauweka chini. Wa pili, chini. Alizipima zote, hata mmoja hakuuruka.

"Zimelala," akasema.

Mama mdogo akanitazama. Bibi alikuwa hajasema neno lenye maana kwa wiki nyingi.

Nikautafuta wa taa mji mzima. Duka la Ami siku hizi ni la kutuma pesa kwa simu, na Ami mwenyewe alikwishazikwa. Temeke waliniambia wembe huo hautengenezwi tena. Mwishowe nikaupata Manzese, kando ya barabara ya Morogoro, kwa muuza vifaa vya ujenzi ambaye alikuwa na mali ya zamani kwenye rafu ya juu. Paketi ya buluu, taa imefifia. Nikazifungua mojamoja pale kaunta. Nyingi zilikuwa na kutu. Nilizobakiza nikaanza kuzidonoa sikioni.

"Sista, unanunua wembe au gitaa?" akaniuliza.

"Subiri kidogo, kaka."

"Mie nasubiri tu. Ukipata wimbo unifundishe."

Wa katikati ya paketi ukalia. Sauti ikakaa. Nilisimama pale, malori yanapita, nikasikia harufu ya korosho.

Jumapili iliyofuata nikampelekea. Uani hapafanani tena na nilivyokusimulia. Bomba limekatwa, na upande wa foleni umejengwa vyumba vya kupangisha, ukuta umesogea hadi karibu na kigoda. Nikaweka beseni, sabuni ya kipande na wembe kwenye karatasi yake. Bibi akaufungua. Akaudonoa. Akatabasamu.

"Ami bado anazo?"

"Anazo, bibi."

Akajifunga kanga kiunoni. Nikangoja apeleke mkono kichwani kwake. Badala yake akatandaza magoti, akapiga ardhi mbele yake kwa kiganja.

"Kaa."

Mama mdogo akanong'ona, "Usikae. Na hizo nywele za matangazo?"

Lakini nilikuwa nimeshaelewa. Bibi hakuwahi kuanza na kichwa chake. Lazima atangulie mtoto, ndipo yeye. Nikavua hereni, nikakaa.

"Mtoto gani huyu ana kichwa kama pori," akasema. "Kesho mwalimu atakutoa mbele ya wenzako."

"Nisamehe, bibi."

Maji yakanimwagikia hadi shingoni. Povu, kisha mkono wa kushoto ukipapasa, kisha wembe. Nywele zikaanguka mapajani kwangu fungu kwa fungu, nzito, na sikuzitazama. Ndege ikaja, na kabla sijaisikia vizuri wembe ulikuwa umeondoka kichwani. Tukangoja wote wawili. Ikapita, akaendelea. Karibu na sikio alinikata kidogo, nikasikia joto likishuka shavuni.

Akanifuta kwa pindo la kanga. Mkono wake ukaenda pembeni ulipokuwa unakaa ungo, ukachota, ukarudi umefumba, ukafunguka juu ya kiganja changu. Hakukuwa na kitu. Nikakifumba kiganja, nikasema asante.

"Mwingine," akasema bibi.

Uani kulikuwa na mimi na mama mdogo.

"Ni zamu yako sasa, bibi. Wote wamekwisha."

"Watoto kwanza."

"Bibi, wamekwisha."

Akatazama ukuta, pale ilipokuwa foleni. "Umenyolewa peke yako tu. Wenzako wako wapi?"

Wa nyumba ya pili, yule wa wembe wa bata, yuko Ukonga, na simaanishi amepanga huko, namaanisha gerezani. Dada yake tulimzika nikiwa Muscat, yaani walimzika, mie nilituma rambirambi. Wengine wameuza viwanja wakaenda mbali, na wengine tukikutana barabarani tunasalimiana kwa honi. Mama mdogo alijaribu kukaa yeye. Bibi alimtazama akasema, "Mama mzima, huoni haya?" Tukamwomba mpangaji wa chumba cha mbele atuazime mwanawe kidogo tu. Akaangalia damu shavuni kwangu, akasema, "Dada, nakuheshimu, lakini mwanangu hapana." Ningekuwa mimi ningesema hivyohivyo.

"Wanakuja, bibi," nikamwambia.

"Basi tuwangoje." Akaukausha wembe kwa kanga, akaurudisha kwenye karatasi yake, akaushikilia mapajani. Tulikaa hadi povu likapotea kwenye beseni na maji yakabaki meupe tu. Alipoanza kusinzia mama mdogo akautoa wembe vidoleni mwake polepole.

Nimekwenda kila Jumapili tangu siku hiyo. Nakaa mbele yake na kichwa ambacho hakijapata muda wa kuota kitu, ananipitishia wembe hivyohivyo, ananipa gao langu la hewa, anasema mwingine. Na kila Jumapili tunawangoja. Nywele zake sasa zimeshikamana na vidonda, na harufu inakupokea mlangoni. Nesi bado anapita, anasafisha anapoweza kufika, lakini ameacha kuniambia nimnyoe. Juzi aliniuliza ndugu wengine wako wapi, na kama wana nauli.

Nina stashahada, nina vioo vya ukuta mzima, na wembe wa taa ninao. Kilichokosekana ni foleni ya watoto kutoka bombani hadi mlango wa choo, na hiyo haipo Manzese wala Muscat.

Leo asubuhi mteja mpya aliingia, akanitazama kichwani, akashusha sauti. "Pole sana, dada."

Sikumsahihisha. Nikamvutia kiti, nikasema asante.